Konokono la Lori la Zege

Jumanne moja ya Januari, saa mbili na robo asubuhi, umeme ulikuwa umekatika Coamo, kusini mwa Puerto Rico, na jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya gereji ya akina Rentas. Migdalia Rentas alikuwa ameinamia benchi lake, anapima koo la konokono la chuma kwa kipimo chake cha taya mbili. Kahawa yake ya maziwa ilishapoa. Alipima mara tatu kama alivyozoea, akapata jibu lile lile mara tatu, akaliandika.

Pale gereji waliyaita makonokono kwa sababu ndivyo yalivyo. Turbo ni makonokono mawili yaliyopeana mgongo. La moto hupokea moshi wa injini, na moshi ukipita humo unazungusha pangaboi. Pangaboi hilo limefungwa kwenye ufito mmoja na mwenzake aliye ndani ya konokono la baridi, na huyo mwenzake anabana hewa na kuisukumia injini inywe. Basi, hakuna uchawi hapo. Kazi yote ni kuwaozesha wale wawili wapatane, na kisha wapatane na injini, na kazi hiyo kusini nzima ya kisiwa aliyeijua ni Migdalia tu. Alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili kwenye benchi lile lile.

Mbele yake alisimama Yamil, kinyozi wa karibu na soko, mwenye Corolla ya mwaka themanini na moja aliyoipenda kuliko wajomba zake.

"Lita ngapi?" Migdalia aliuliza.

"Moja nukta nane, dada. Si unaijua."

"Mimi naijua, karatasi haiijui. Inazunguka mpaka mara ngapi kwa dakika?"

"Elfu tisa."

Migdalia aliinua macho.

"Elfu nane," Yamil alisema. "Na nusu, siku ikiwa nzuri."

"Na mtaani unaiendesha?"

"Ijumaa tu, kwenda kazini. Wateja waione."

Akaandika yote. Kisha akavuta ramani ya pangaboi, ile karatasi yenye mistari inayozungukana kama vilima vilivyochorwa kutoka juu, akapiga hesabu, akaweka nukta ya penseli katikati ya kilima. Hapo ndipo pangaboi hufanya kazi bila kulalamika. Ukienda kushoto mno hewa inarudi nyuma na gari linakohoa. Ukienda kulia mno linatweta tu, nguvu hakuna. Nukta ya Yamil ilikaa vizuri mpaka Migdalia mwenyewe akaitazama kidogo.

"Pangaboi la milimita sitini na mbili," alisema. "Konokono la moto namba sitini na tatu. Dogo, na linafaa. Ukikanyaga mafuta linaitika papo hapo. Robo maili utaimaliza kwa sekunde tisa na ushei. Ukijifunza kubadili gia kama binadamu, nane."

"Nane," Yamil alirudia kwa upole. Akatia saini chini ya ile ya Migdalia. "Mungu akubariki, dada."

Kisha akafanya walivyofanya wote. Akazunguka ukuta, akaenda kaunta kwa Obed.

Hii ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba ile, na ilitosha kumtoa mtu mvi kabla ya wakati. Mteja anaingia, anamsalimia Migdalia, anamuuliza, anamsikiliza, anatia saini, anamwombea baraka, halafu anazunguka ukuta kwenda kumuuliza mdogo wa kiume wa Migdalia, ambaye hajapima kitu tangu amalize shule, kama ni kweli. Na Obed, huku akifuta kaunta safi, anasema neno lake moja: "Tuache nafasi." Maana yake ongeza namba moja. Akiwa amelala vizuri usiku, anaongeza mbili. "Hakuna mtu aliyewahi kuchekwa kwa kuwa na turbo kubwa," huwaambia, na huo ni uongo, kwa kuwa Migdalia alikuwa amewacheka wengi, ila kimoyomoyo.

Alishawaambia mara ngapi kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Alishawachorea mpaka kwenye karatasi za mikate. Kumpigia mbuzi gitaa. Magari yalikwenda, yakarudi yakiwa mazito kuamka, na wenye magari wakamjia yeye na kumwambia, "Dada, hesabu zako zilikosea kidogo."

Safari hii lakini kulikuwa na jambo. Baba yao, Mzee Tello Rentas, alikuwa amefikisha miaka sabini na minne na magoti yake yalikuwa yamegoma. Bango la mbele, lililosimama juu ya nguzo mbili za chuma kando ya barabara, lilikuwa na neno moja tu, RENTAS, na rangi yake ilikuwa inabanduka. Mzee alikuwa amesema mezani, juu ya wali wa mbaazi, kwamba baada ya sikukuu ya San Blas, mtakatifu wa mji, mwanzoni mwa Februari, atamwita mchora mabango na mwanasheria katika wiki moja, yakaandikwe majina ya warithi wa gereji, bangoni na kwenye hati.

"Obed ataandikwa, hilo halina mjadala," alisema. "Wewe Migdalia, tutaona. Gari la kinyozi likienda vizuri, lisituletee aibu, jina lako linaingia pia."

Migdalia hakuuliza kwa nini Obed hakuhitaji gari lolote. Alijua jibu, na wali ulikuwa bado wa moto. Lakini usiku ule alijiruhusu kuliona jina lake juu ya nguzo zile mbili, kwa rangi nyekundu, na alilitaka. Alilitaka kama mtu anavyotaka maji.

Alhamisi alipofika kazini aliikuta Corolla imeshafungwa turbo. Obed alikuwa amewahi. Konokono la moto lililokuwa pale ubavuni mwa injini lilikuwa kubwa kama sufuria ya pilau ya harusi. Ilibidi wakate kipande cha boneti ili lienee.

"Obed, hii nini?"

"Nafasi."

"Hiki kitu kimetoka kwenye lori la zege."

"Kimesafishwa."

"Lile lori lina injini ya lita kumi na tatu. Hii ina moja nukta nane. Moshi ukiingia humo utapotea, utaanza kuuliza njia."

"Dada, Yamil kafurahi. Kapiga picha."

"Na karatasi? Karatasi ina saini yangu."

"Nimesahihisha namba tu," Obed alisema. "Saini yako sijaigusa."

Migdalia alikwenda kwa baba yake, aliyekuwa kibarazani akipanga dhumna peke yake, akamweleza. Mzee Tello alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyemfundisha kupima, na alielewa kila neno.

"Mteja karidhika?"

"Karidhika, Baba. Mteja hajui anachoridhikia."

"Basi usiwe mkali kuliko mteja. Likienda vizuri, ni lako."

"Na lisipokwenda?"

Mzee aliweka dhumna mbili-tano mahali pake. "Karatasi ina saini ya nani?" aliuliza, na aliuliza kwa upendo kabisa.

Jumapili saa sita na nusu mchana, kwenye uwanja wa mbio kule chini pwani, taa iliwaka kijani. Yamil alikanyaga mafuta mpaka sakafuni, na hakuuinua mguu hata kidogo mpaka mwisho wa robo maili. Corolla iliondoka kama muuza mikate wa baiskeli. Sindano ya kuonyesha mgandamizo wa hewa haikusogea. Mpinzani wake alipovua kofia ya chuma na kwenda kununua maandazi ya kaa, Yamil alikuwa bado njiani. Sekunde ishirini na mbili. Watu walicheka mpaka wakashika uzio.

"Bado halijaamka," Yamil alisema aliporudi.

"Liache lizoee," Obed alisema.

Migdalia alikuwa ameandika saa na dakika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Alikuwa na tabia ya kuandika saa.

Jumatano, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Corolla ilikuwa ndani ya gereji. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake, na betri ilikuwa mezani inachajiwa. Migdalia alikuwa pale benchini na konokono la mtu mwingine mkononi. Akasikia mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka chumba cha jirani. Aliujua mluzi ule. Akachukua kahawa yake, akasogea hatua mbili kushoto.

Sindano ilipanda mpaka mwisho wa kioo chake, na gari likaondoka. Lilitoboa ukuta wa nyuma, likapita katikati ya migomba ya jirani bila kuangusha mkungu, likaingia barabara ya shule, likasimama. Migdalia alikuwa akihesabu, kwa sababu yeye huhesabu. Sekunde nane nukta nne. Betri ilikuwa bado mezani, taa yake ya kijani inawaka.

Baada ya dakika mbili simu ililia. Alikuwa Mama Providencia wa duka la mikate.

"Migdalia, mwanangu, gari la kinyozi liko huku. Limesimama vizuri tu mlangoni, halijagonga kitu."

"Samahani, mama. Tunakuja."

"Msikimbilie. Boneti ina joto zuri, nimewekea sinia la mikate iumuke."

Kutoka gereji mpaka mlango wa Mama Providencia ni mita mia nne na mbili, yaani robo maili. Migdalia aliketi na penseli. Akachukua moshi wa injini ndogo, akauingiza kwenye tumbo la konokono la lori la zege, akatafuta muda ambao moshi ule ungehitaji mpaka uweze kuamsha pangaboi. Akapata saa sabini na dakika kumi. Akatazama daftari, alimonakili maandishi ya kiganja chake. Jumapili saa sita na nusu mchana. Hesabu ilikubali mpaka dakika ya mwisho. Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

Mzee Tello alifika na fimbo yake, akasimama mbele ya tundu, akaona migomba.

"Nani alikuwa humu?"

"Mimi, Baba. Lakini gari limekanyagwa na Yamil. Jumapili. Nguvu zimefika leo, konokono ni kubwa mno." Akampa daftari.

Mzee alisoma hesabu yote taratibu, kidole kikifuata mistari. "Ni sawa," alisema. "Kwa konokono lile, siku tatu si nyingi. Umepiga vizuri sana."

"Kwa hiyo unaona."

"Naona. Lakini Jumapili ukuta huu ulikuwa mzima, Migdalia. Tundu ni la Jumatano. Na Jumatano ulikuwepo wewe."

"Ungeliwekea hata tofali mbele ya gurudumu," Obed alisema kutoka mlangoni. "Mimi nilikuwa kaunta."

Migdalia alimtazama mdogo wake, akatazama kikombe alichokishika, akakiweka chini polepole ili kisije kikaruka chenyewe. Alikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyekuwa anamkatalia. Wangemwita mwongo, angekuwa na cha kupigania. Walimwamini kila tarakimu, kisha wakampa fagio.

Yamil yeye alikuja anacheka meno yote nje.

"Nane nukta nne, dada! Mpaka kwenye mikate!"

"Niachie nibadilishe konokono," Migdalia alisema. "Nitakufungia lile dogo. Utapata nane nukta nne hizo hizo siku ile ile unayokanyaga."

"Kubadilisha? Mimi si mwendawazimu." Akamwita Obed. "Kaka, hili liache hapo hapo. Hakuna mwenye kubwa kama hili Puerto Rico nzima."

Na maisha yakajipanga. Kamati ya uwanja ilikaa, ikasoma kanuni, ikaona kwamba gari linatakiwa kuwa nyuma ya mstari taa inapowaka, lakini hakuna kifungu kinachosema mguu wa dereva ukanyage lini. Kwa hiyo Alhamisi saa nane na dakika ishirini mchana Yamil alikuwa akifunga duka lake la kunyolea nusu saa, anakuja gereji, anavaa kofia ya chuma, anakanyaga mafuta sekunde nane na ushei huku gari limesimama likinguruma tu, anarudi kunyoa. Jumapili anakaa kwenye usukani amekunja mikono, na saa sita na nusu gari linaondoka na kushinda. Watu waliacha kucheka. Kabla ya mwisho wa mwezi watu kumi na mmoja walikuwa wameagiza makonokono ya lori, na mmoja aliagiza la meli.

Mji ulizoea. Ikawa adabu kuweka kadi ya boksi kwenye kioo cha mbele unapoegesha: Limekanyagwa Jumanne saa tatu. Limekanyagwa jana jioni. Wapita njia walisoma, wakatazama saa, wakazunguka nyuma. Mama Providencia alikuwa akiacha milango yake yote miwili wazi Jumatano.

Kila gari lilihitaji hesabu yake, na hesabu walimletea Migdalia. Alizipiga zote, mpaka dakika. Kisha wakazunguka ukuta.

"Saa sabini na dakika kumi," Obed alimwambia Yamil wiki ya tatu. "Mambo gani hayo ya dakika. Sema siku tatu. Tuache nafasi."

Basi Yamil akakanyaga Alhamisi saa sita na nusu, kwa urahisi wa kukumbuka, na Jumapili saa nne na dakika arobaini Corolla ikafyatuka ikiwa imefungwa minyororo juu ya trela, katikati ya barabara kuu, ikaisukuma pikapu iliyokuwa ikiivuta mpaka robo maili mbele. Hakuumia mtu. Mbio zikampita.

"Hesabu za nani?" Mzee Tello aliuliza Jumatatu.

"Zangu, Baba. Ila sizo alizopewa."

"Lakini ni zako."

"Ni zangu."

"Haya basi," alisema Mzee, na akaenda kumpigia simu mchora mabango.

Mchora mabango alikuwa anaitwa Wenceslao, mtu mwembamba, mtaratibu, mwenye ngazi ya mbao. Alikuja siku mbili baada ya sikukuu. Migdalia aliketi benchini akimwangalia kupitia dirisha, herufi baada ya herufi, na kwa muda mrefu aliendelea kuwa na matumaini, kwa sababu Wenceslao alianza na jina la ukoo na alikuwa mvivu wa mkono. Ilipofika saa saba mchana bango lilikuwa limekamilika. RENTAS NA MWANAWE OBED. Kwenye nafasi iliyobaki upande wa kulia, ambayo ingetosha jina lingine, alichora turbo kubwa.

"Usinune," Mzee Tello alimwambia. "Bango ni la watu wa barabarani. Wewe kazi yako iko pale pale."

"Ndicho ninachokinunia, Baba."

"Ungekuwa na gari moja tu lisilo na tatizo."

Migdalia aligeukia benchi lake. Alipima konokono lililokuwa mbele yake mara tatu na akapata majibu matatu tofauti, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Jumatatu iliyofuata Yamil alileta Corolla kumwagwa oili. Migdalia aliimwaga, akaweka mpya, akafuta mikono. Kisha akaitoa nje yeye mwenyewe, akaiegesha mbele ya kaunta, pua ikizitazama nguzo mbili za bango zilizosimama mstari mmoja, usukani umenyooka. Akafunga mkanda. Saa sita kamili mchana, kengele ya kanisa ikilia, alikanyaga mafuta mpaka sakafuni na kuhesabu mpaka nane nukta nne. Injini ilipiga kelele, gari halikusogea. Hakuna aliyegeuka, magari hupiga kelele gereji kutwa. Akazima, akatundika ufunguo kwenye msumari wake.

Akachukua kipande cha boksi, akaandika kwa herufi kubwa: Limekanyagwa Jumatatu saa sita mchana. Fundi Migdalia. Akakiweka kwenye kioo cha mbele. Yeye hakuwa mtu wa kumvizia mtu.

Yamil alipigiwa simu akaambiwa gari lake litakuwa tayari Alhamisi saa tano. Hakulalamika; wiki ile hapakuwa na mbio.

Alhamisi saa nne kasorobo Migdalia alipanga koni za plastiki barabarani pande zote mbili, akasimamisha mapipa mawili njia ya waendao kwa miguu isipitike, akamwambia muuza bahati nasibu asogee. Wenye magari walisoma kadi kwa mbali, wakazima injini, wakasubiri. Baba yake alimwona akihangaika, akarudi kwenye dhumna zake kibarazani.

Saa nne na dakika tano Obed alitoka nje na mteja, kijana kutoka mji wa Santa Isabel aliyekuwa ameshika karatasi yenye saini ya Migdalia. Obed aliegemea Corolla, kiwiko juu ya paa, mguu mmoja umepita juu ya mwingine. Kadi ilikuwa umbali wa mkono kutoka puani mwake. Lakini kitu kilichoandikwa na dada yake Obed hakuwahi kukisoma mpaka mwisho, na wakati ule hakuwa na sababu ya kuanza.

"Amekuandikia dogo," alikuwa akisema. "Yeye ni mwoga, ndivyo alivyo. Sisi tutaacha nafasi."

Kijana aliisoma kadi. Akatazama saa yake. Akarudi nyuma hatua nne.

"Bosi," alisema, "naona hapo pameandikwa—"

Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Mluzi ulianza na gari likaondoka chini ya kiwiko cha Obed, naye akakaa chini kwenye lami. Corolla iliichukua nguzo ya kwanza, ikaichukua ya pili, bango likaruka likageuka hewani na kutua katikati ya koni, na gari likaendelea kwa raha zake mpaka kituo cha petroli, mita mia nne na mbili, likasimama sambamba kabisa na pampu namba tatu. Sekunde nane nukta nne. Mhudumu akaanza kufuta kioo chake.

Migdalia alisimama mlangoni mwa gereji mikono imefungwa kifuani. Hakuwa akitaka bango livunjike. Bango lilikuwa mbao tu. Alitaka kusikia sentensi moja. Alitaka baba yake aje na fimbo yake, aulize ni nani aliyekuwepo, kisha amwambie mwanawe wa kiume yale maneno yale yale aliyomwambia yeye mbele ya tundu.

Mzee Tello alikuja, dhumna moja bado mkononi. Akatazama visiki viwili vya chuma.

"Nani alikuwa na gari?"

"Obed," Migdalia alisema. "Alikuwa ameliegemea. Alhamisi hii, Baba. Alikuwepo yeye."

Mzee alimtazama Obed pale chini. Migdalia akasubiri.

"Umeumia, mwanangu?"

"Kiwiko tu."

"Pole. Inuka, lami ina joto." Akampa mkono. "Ni mkosi. Kwa mkosi halaumiwi mtu, ukija umekuja."

Barabarani wenye magari waliwasha injini, wakapita taratibu kando ya bango.

"Ni mimi niliyelikanyaga," Migdalia alisema. "Sikia, Baba. Si mkosi. Nimelikanyaga mimi kwa mguu wangu, Jumatatu saa sita mchana, na nikaandika. Kadi ile pale kwenye pampu namba tatu, ina jina langu."

Mzee Tello alimgeukia kwa upole mkubwa, akampigapiga begani kama anayemtuliza mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Jumatatu bango lilikuwa limesimama, Migdalia," alisema. "Mpigie Wenceslao. Mwambie maneno ni yale yale."

Wenceslao alikuja alasiri ile ile. Mafundi walichomelea nguzo mpya, na safari hii hakuchukua muda kwa kuwa kiolezo cha herufi alikuwa nacho. Ardhi upande ule ilikuwa imefumuka na ngazi yake ilikuwa inacheza, kwa hiyo Migdalia aliishika. Alisimama chini, kichwa nyuma, matone ya rangi nyekundu yakimwangukia kwenye mkono, akaona jina la mdogo wake likirudi herufi moja moja.

"Eti, dada," Wenceslao alisema kutoka juu, "mpwa wangu ana Mazda ya lita moja nukta tatu. Anataka turbo. Aweke ipi?"

Migdalia aliuliza inazunguka mpaka wapi, uzito wake, kama inapanda milimani au inashinda pwani. Wenceslao alijibu yote, anajua magari. Migdalia alipiga hesabu kichwani huku ameshika ngazi, akaona nukta ikitua katikati ya kilima, pazuri kabisa.

"Milimita hamsini na nane. Konokono la moto namba arobaini na nane. Asizidishe hapo."

"Arobaini na nane," Wenceslao alisema. Aliiandika kwa ncha ya brashi kwenye ukingo wa kopo lake ili asisahau. "Asante sana, dada. Mungu akubariki."

Akamalizia herufi ya mwisho, akashuka, akafuta mikono, akazunguka ukuta kwenda kumuuliza Obed.